Diana Taurasi na msimu aliolipwa asicheze

Februari 2015 mchezaji wa mpira wa kikapu Diana Taurasi aliwaandikia barua mashabiki wa timu yake, Phoenix Mercury: msimu ule hawatamwona uwanjani. Hakuwa majeruhi wala hakugombana na mtu, na miezi michache nyuma alikuwa amewapa ubingwa wa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani. Ila UMMC Ekaterinburg, klabu ya Urusi aliyoichezea majira ya baridi, ilimtaka apumzike kiangazi kizima, na ilikuwa tayari kumlipa kwa kupumzika huko. Phoenix ilikuwa ikimpa pungufu kidogo ya dola 107,000 kwa msimu. Urusi, kwa taarifa za wakati ule, takriban milioni 1.5.

Alilaumiwa, na lawama hazikukosa msingi. Mercury walikuwa mabingwa watetezi, na bila yeye waliishia mikononi mwa Minnesota Lynx kwenye fainali ya kanda ya Magharibi. Ligi iliyokuwa bado inatafuta watazamaji ilimkosa nyota wake mkubwa, na aliyeshanunua tiketi ya msimu alibaki na barua.

Mimi nasimama na Taurasi, ingawa si kwa kila alichosema. Tangu atoke chuo kikuu cha Connecticut mwaka 2004 alikuwa akicheza karibu mwaka mzima: kiangazi Marekani, baridi Ulaya, timu ya taifa katikati. Ratiba ya namna hiyo haina huruma. Aprili 2019, kwenye fainali ya EuroLeague, ligi ya klabu za Ulaya, Breanna Stewart wa Dynamo Kursk aliruka kurusha mpira, akatua juu ya mguu wa Brittney Griner wa Ekaterinburg, na kano ya kisigino ikakatika. Stewart, mchezaji bora wa WNBA wa 2018, akaukosa msimu mzima wa 2019.

Lakini hoja ya uchovu, aliyoitoa kwenye barua yake, ina tundu. Kama ni mwili, kwa nini asipumzike msimu wa Urusi badala ya ule wa Marekani? Jibu kila mtu analijua, na sioni aibu ndani yake. Mwenye kuona aibu angekuwa mwajiri aliyezidiwa dau mara kumi na nne kwa mchezaji wake mwenyewe. (Wachezaji wa benchi, tusisahau, hawakuwa na klabu ya kuwanunulia likizo.)

Ubaya wa mpango ule ulijitokeza Februari 2022. Griner alikamatwa uwanja wa ndege karibu na Moscow akirejea klabu ileile ya Ekaterinburg, akahukumiwa miaka tisa, na akaachiwa Desemba kwa kubadilishwa na Viktor Bout, mfanyabiashara wa silaha wa Urusi aliyefungwa Marekani. WNBA ilikuwa tayari imepandisha mshahara wa juu kabisa hadi zaidi ya dola 200,000, ikaongeza na fimbo: kuanzia 2023 faini kwa anayechelewa kurudi kutoka nje, na 2024 kufungiwa msimu. Dawa iliyokaribia zaidi ugonjwa ililetwa na wachezaji wenyewe, Stewart na Napheesa Collier, walipoanzisha ligi ya Unrivaled huko Miami Januari 2025, ya watatu kwa watatu, inayochezwa majira yaleyale ya baridi.

Taurasi alistaafu mwezi uliofuata. Mwaka 2023, akiwa na miaka 41, aliifunga Atlanta Dream pointi 42 usiku mmoja na kuwa wa kwanza kuvuka 10,000 katika ligi hiyo. Alimaliza na 10,646, na hakuna hata moja ya mwaka 2015.