Mzee Hajataja Jina

Ukinunua panga la zamani la mtumba, kila mtu atakwambia limetengenezwa wapi isipokuwa panga lenyewe. Langu lilikuwa limevaa kutu toka ncha hadi mpini. Aliyeniuzia aliapa kuwa ni la Mwingereza. Aliponiona nasitasita, likawa la Mmarekani. Ningechelewa kidogo kufungua pochi lingekuwa la Mjerumani.

Tatizo ni kwamba yote yanawezekana. Kule Birmingham walikuwepo Martindale, waliopiga chapa ya mamba. Bellota wa Hispania wana chapa yao, na Marekani kulikuwa na Collins. Ukikuta mshale mpana unaofanana na unyayo wa kuku, basi panga hilo liliwahi kuwa mali ya serikali ya Uingereza. Kwa hiyo kelele za muuzaji hazisaidii kitu. Kinachotafutwa ni chapa, na chapa nyingi hupigwa kwenye ubapa karibu na mpini, pale pale kutu inapopenda kujenga.

Nina rafiki mpenzi wa zana za zamani, tunamwita Fundi. Alinikataza kabisa grainda. Chapa iliyochakaa imebaki na kina kidogo sana, alisema. Grainda ikipita mara moja unabaki na bati lenye makali. Nilifunge panga kwa kitambaa kilicholowa siki, kutu ikilainika nisugue polepole, kisha niweke karatasi juu ya chapa na kupitisha ubavu wa penseli. Na nimpe taarifa kila hatua.

Mimi na Fundi panga hilo tulishalipa jina: Mzee.

Sasa, kwenye familia yetu pia yuko Mzee. Ni baba yangu mdogo, mweka hazina wa mfuko wa kuezeka upya nyumba ya bibi. Bati halijanunuliwa, na Mzee alikuwa hapokei simu ya mtu. Kundi la familia lilikuwa linachemka tangu asubuhi. Na kwenye simu yangu, Familia na Fundi walikuwa wamekaa jirani, mmoja juu ya mwingine, na vidole vyangu vilikuwa na siki.

Ujumbe wa kwanza nilioutuma ulisema hivi: "Mzee ninaye hapa mezani. Nimemfunga vizuri."

Nikaweka simu pembeni, nikaendelea na kazi. Baadaye nikaandika: "Nimemsugua siki tangu jioni, bado hajataja jina."

Ningetazama majibu, hadithi ingeishia hapo. Lakini siki na simu haviendi pamoja, kwa hiyo nilikuwa nafuta mikono, natuma, naigeuza simu kifudifudi. Nilimulika tochi kwa ubavu, maana mwanga wa juu huficha michoro na wa ubavu huitoa. Pale ndipo nilipoona kitu cha kwanza cha maana. Nikatuma kwa furaha: "Naona mkono mmoja. Mwili sioni kabisa."

Halafu nikapiga picha. Mtandao ulikuwa mzito, picha ikazunguka weee, nikaiacha izunguke. Ilifika wakati nachonga penseli. Kwa faida ya ambao hawajawahi kusafisha chuma: siki ikila kutu hutoa maji mekundu ya kahawia, na kitambaa changu kilikuwa cheupe.

Simu ikaanza kutetemeka mpaka ikatembea yenyewe mezani.

Nilipoigeuza, shangazi alikuwa ameshatuma ujumbe wa sauti, nusu yake kilio. "Mwanangu, hata kama amekula hela, huyo ni damu ya baba yako! Mfungue!" Mjomba, mtu wa sheria, aliandika kwamba anajitoa kundini ili asije kuitwa shahidi, kisha hakujitoa, akabaki kusoma. Binamu yangu ndiye aliyenitisha zaidi. Chini ya ule ujumbe wa siki alikuwa amejibu: "Endelea hivyo hivyo, atataja tu."

Nilianza kuandika maelezo. Unajua ilivyo ngumu kuandika "ni panga tu" kwa watu wanaoamini umemfunga baba yako mdogo? Nilifuta, nikaanza upya, nikafuta tena, na wao walikuwa wanaona tu kwamba naandika na kunyamaza, naandika na kunyamaza.

Kabla sijamaliza, Mzee mwenyewe akaibuka. Mtu ambaye simu yake ilikuwa haipatikani aliandika kwa herufi kubwa: "MIMI NIKO HAI. NIKO KWANGU."

Shangazi hakukubali. Akasema hayo maneno nimeyaandika mimi kwa simu ya marehemu. Akadai picha. Mzee, masikini, akajipiga picha sebuleni, anatabasamu, kidole gumba juu. Kundi likashusha pumzi, mpaka binamu alipoikuza. Nyuma ya bega la Mzee, ukutani, kulikuwa na televisheni pana, bado ina nailoni ya kiwandani.

Kuanzia hapo mimi na siki yangu hakuna aliyetukumbuka. Usiku ule ule Mzee aliahidi mbele ya ukoo mzima kwamba televisheni inauzwa na bati linanunuliwa.

Nikarudi kwenye karatasi yangu. Penseli ikatoa taji, juu ya taji mkono ulioshika nyundo, na chini yake LEGITIMUS. Safari hii nilisoma jina la mpokeaji kwa sauti kabla ya kutuma. Fundi akajibu hapo hapo: Collins, kampuni iliyoanza na mashoka huko Connecticut mwaka 1826 na kufunga kiwanda mwaka 1966. Akaongeza kwamba waliigwa sana, mpaka mwaka 1857 wakawashitaki kwenye mahakama ya Uingereza watu waliokuwa wakigonga jina la Collins kwenye zana zao, na chapa ile ya mkono ilikusudiwa kuwatenga na waigaji. Ila nisilale, alisema. Jina la Collins liliendelea kutumika Amerika ya Kilatini hata baada ya kiwanda kufungwa, kwa hiyo nitafute kama imeandikwa Collinsville, mji wa kiwanda chenyewe. Nilisugua tena. Ilikuwepo, herufi za mwisho zimeliwa.

Nikaona ni heshima kuwaeleza na wa nyumbani. Nikaandika kundini: "Samahanini jamani. Niliyekuwa namtafuta usiku wote ni Collins."

Shangazi alikuwa bado macho. "Na huyo Collins," aliandika, "yeye alipewa shilingi ngapi za bati?"