Hiyo Filta ya Koni Inavuta Joto

Picha za magari yaliyobadilishwa filta ya hewa ni zile zile kila siku. Boneti juu, boksi la filta la kiwandani limeng'olewa, mahali pake imefungwa filta nyekundu ya koni kwenye bomba linalong'aa, na chini yake maneno "hewa baridi". Hewa baridi ipi? Filta iko wazi kabisa, imekaa jirani na manifodi ya ekzosi (mabomba ya kutolea moshi wa injini), na feni ya rejeta inaipulizia joto moja kwa moja. Mwenye gari ametoa pesa yake halali akauziwa kinyume cha alichotaka, na hilo linaniudhi kwelikweli.

Lile boksi la kiwandani hebu lishike mkononi ulitazame kabla hujalitupa. Lina pua, na kwenye magari mengi pua hiyo inapita juu ya rejeta au pembeni mwa taa ya mbele kwenda kuchota hewa ya nje. Kuta zake nazo zinaikinga filta na joto la injini. Ukifunga koni wazi, vyote viwili umevipoteza kwa mpigo mmoja.

Hesabu yake haina ugumu. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Hewa hiyo ikipata moto hadi nyuzi 60, jambo la kawaida chini ya boneti gari likiwa kwenye foleni, uzito unashuka hadi kilo 1.06. Yaani ukikanyaga mafuta mpaka chini, karibu asilimia 12 ya oksijeni imeshapotea kabla haijafika kwenye silinda. Kisha kompyuta ya gari ikiona hewa inaingia ya moto, inachelewesha cheche ya plagi ili injini isigonge, yaani mafuta yasijilipukie yenyewe ndani ya silinda. Umepunguziwa nguvu mara mbili.

Kwa hiyo pima kwanza. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje kama herufi U kwenye kipande cha ubao, tia maji yenye rangi kidogo hadi nusu. Ncha moja iunganishe kwenye bomba kati ya filta na throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), nyingine iache wazi. Dereva akanyage mafuta mpaka chini katika gia ya tatu, kwenye barabara iliyo wazi, hadi mizunguko ikaribie mwisho. Msaidizi asome tofauti ya maji. Kila sentimita 10 ni kama asilimia 1 ya presha ya hewa. Maji yakitofautiana sentimita 15, basi hata filta isiyokaba hewa hata chembe haiwezi kukurudishia zaidi ya asilimia 1.5 hivi ya nguvu. Rudia na filta mpya ya karatasi ya kawaida. Mara nyingi kilichokuwa kinakaba ni uchafu tu.

Joto nalo lisome kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Tembea kilomita 80 kwa saa kwa dakika kadhaa, ulinganishe joto la hewa inayoingia na la nje. Tofauti ya nyuzi 10 au chini yake, boksi lako linafanya kazi, liache. Ikifika 25, hapo kweli pana kazi.

Na kazi yenyewe ni kutengeneza boksi, bomba linafuata baadaye. Kata kwanza umbo lake kwa katoni, ujaribishe na boneti ikiwa imefungwa, ndipo uhamishie kwenye bati la alumini la milimita 1.5. Ukingo wa juu uvishe mpira unaobanana na boneti, maana ufa wa kidole kimoja unaingiza joto lote ulilokuwa unalikimbia. Acha sentimita 2 au 3 kati ya filta na kuta. Halafu boksi lipate bomba lake la hewa, upana wa milimita 75 au zaidi, mdomo wake ukiwa mbele ya rejeta. Boksi lifungwe kwenye bodi ya gari, na kati yake na throto pawe na kipande cha mpira wa silikoni, kwa sababu injini inacheza kwenye maunti zake (mipira inayoishikilia) na bodi haichezi. Bomba gumu mwanzo hadi mwisho litapasuka au litachomoka kwenye klampu.

Panapoharibu injini ni kwenye sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Sensa hiyo inaonja hewa kidogo tu inayopita, kisha kompyuta inakadiria iliyobaki kwa upana wa bomba inaoujua. Ukitoka milimita 70 ukaenda 76, eneo limeongezeka asilimia 18, kompyuta inadhani hewa imepungua, inatoa mafuta machache. Ukiendesha taratibu sensa ya oksijeni inasahihisha. Ukikanyaga mpaka chini, magari mengi hayaisikilizi, na injini inaungua kavu, inachemka, inagonga. Taa ya injini ikiwaka na namba ya hitilafu P0171, yaani mafuta ni machache kuliko hewa, anza kutazama hapo. Bakiza kipande cha kiwandani kinachobeba sensa, chandarua chake usikitoe, na usiiweke mara tu baada ya kona. Filta ya pamba ikizidishwa mafuta nayo inachafua waya wa sensa. Mpira wa kupumulia injini uliokuwa umeunganishwa baada ya sensa urudi hapo hapo. Magari yanayopima presha ya manifodi hayasumbuliwi na upana huo.

Injini iliyobadilishwa kamshafti au kuongezwa turbo kubwa inaweza kweli kukabwa na boksi la kiwandani, hilo nakubali. Mlio pia unapendeza, ila mlio si nguvu.

Usiushushe mdomo wa hewa chini ya bampa kutafuta baridi zaidi. Maji hayabanwi, yakiingia kwenye silinda pistoni ikipanda, konrodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda. Mdomo ukae usawa wa juu wa rejeta, na kwenye kona ya chini kabisa ya boksi toboa tundu la milimita 8 la kutolea maji. Baada ya mvua kubwa fungua utazame kama tope limeliziba.