Tunawaombea wagonjwa mpaka wananyamaza

Nina neno na jumuiya zetu, na naomba mnisikilize kabla hamjaniita mpinga Kristo. Tukienda kumwona mgonjwa ambaye madaktari wameshasema tiba ya kumponya haipo tena, tunazunguka kitanda, tunaimba pambio mbili, mmoja anasoma neno, mwingine anaomba kwa sauti inayosikika mpaka wodi ya pili kwamba utainuka kwa jina la Yesu. Tunaacha bahasha na juisi ya boksi, tunaondoka. Mgonjwa hajasema kitu zaidi ya "amina" na "asanteni kwa kuja". Nani angethubutu kusema anaogopa, baada ya ombi kama lile?

Ndiyo maana nasema mchungaji wa hospitali ni mtu muhimu kuliko tunavyomchukulia, na kwamba kazi yake kubwa kwa mgonjwa wa namna hii si kuomba. Ni kumpa nafasi ya kusema yale ambayo sisi ndugu zake tumemziba asiyaseme, tena kwa upendo.

Mjomba wangu aliugua saratani ya koo, ugonjwa ambao sisi watu wa Kilimanjaro tunaufahamu mno. Mtori tulianza kuuchuja kwa chujio la chai, baadaye hata huo uliochujwa ukawa haupiti. Wodini Moshi alipewa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kipimo kila baada ya saa nne, na kile cha usiku kikawa maradufu ili alale bila kuamshwa. Maumivu yalitulia kweli. Lakini usingizi hauji. Saa nane za usiku yupo macho, anaangalia dari. Daktari angeweza kuongeza dawa, ila nesi wa zamu alikuwa mtu mzima, ameona mengi, akasema huyu mzee hasumbuliwi na koo peke yake. Akamwita mchungaji.

Nilikuwepo alipokuja. "Shikamoo baba." "Marahaba." "Usiku ulikuwaje?" "Mrefu." Akavuta kiti, akakaa. Biblia ilibaki mfukoni mwa koti. Walikaa kimya mpaka mimi nikaanza kuona aibu kwa niaba yao. Mwishowe mjomba ndiye aliyeuliza, "Mbona huombi?" Mchungaji akamjibu, "Nitaomba ukitaka, baba. Sina haraka." Mjomba akanitazama, nikaelewa, nikatoka nje.

Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Mama yangu, ambaye ni dada wa mgonjwa na hapendi kupitwa na jambo, alimbana kwenye korido: "Mchungaji, kaka yangu amekuambia nini?" Akaambiwa, "Mama, muulize mwenyewe. Yupo macho." Mama alikasirika sana. Mimi nadhani lile ndilo jibu bora nililowahi kumsikia mtumishi wa Mungu akilitoa.

Tulikuja kujua kwa mjomba mwenyewe. Kwa miaka mingi yeye na mdogo wake hawakusalimiana kwa sababu ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, na ukoo mzima tulijua mkorofi ni yule mdogo. Kumbe mjomba ndiye aliyeng'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, usiku akayapanda upande wa mwenzake. Aliniita akaniambia niende nikakate isale palepale mpakani nimpelekee mdogo wake. Asiyekuwa Mchaga ajue hivi: anayeletewa isale na aliyemkosea hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Ni jambo zito, halichezewi. Mjomba mdogo alikuja saa ya kuona wagonjwa, lile isale amelifunga kwenye gazeti, na mlinzi wa getini akamzuia akidhani ni dawa ya kienyeji. Walipokutana hawakulia wala kukumbatiana. Waliongea habari za ng'ombe. Mpaka ulirudishwa mahali pake haraka kabla ya mazishi, maana kaburi lilichimbwa kihambani na kila mtu alikuwa anaangalia.

Jiulizeni jambo kama lile lingetokaje mbele ya wanajumuiya kumi na tano wenye vitabu vya nyimbo.

Wenye taaluma yao wamelijua hili zamani. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, jijini London mwaka 1967 akishikilia kwamba maumivu ya anayekufa yapo ya mwili, ya akili, ya mambo yake na watu wake, na ya roho, na ukitibu moja ukaacha mengine hujatibu. Kabla ya hapo, mwaka 1948, alikuwa akimtembelea mgonjwa mmoja, Myahudi kutoka Poland aitwaye David Tasma. Mgonjwa aliomba aambiwe kitu cha kumfariji, naye akamsomea kwa kichwa Zaburi ya 23. Alipotaka kuendelea kwa kusoma kitabuni, Tasma akakataa, akamwambia anataka tu kilichomo akilini na moyoni mwake. Saunders alikuwa Mkristo wa kuomba hasa, lakini alielewa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika maelezo yake ya 2002 kuhusu tiba shufaa, yaani matunzo ya mwenye ugonjwa unaotishia maisha, liliweka mahitaji ya kiroho sambamba na maumivu ya mwili. Kwa hiyo huyu mchungaji hajaja wodini kama mgeni wa heshima. Ni sehemu ya matibabu.

Najua mtakachosema: kumzungumzia mgonjwa kifo ni kumchuria. Kwenye vikao vya familia nimesikia mara nyingi, "baba asiambiwe, atakata tamaa." Basi daktari anaambiwa asiseme, watoto wanakenua meno kitandani, na baba naye, ambaye ameuona mwili wake ukiisha na watoto wake wa Dar wakirudi nyumbani wakati si Desemba, anajifanya hajui ili asiwaumize. Wote wanajua, wote wanaigiza. Mchungaji aliyefunzwa hamwagii mtu habari mbaya kichwani. Anauliza tu, "wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa wako?" Asiyetaka kujibu haulizwi tena. Ila wengi wanajibu, tena haraka, kama watu waliokuwa wanasubiri zamu yao.

Na asipokuwepo wa kuuliza hivyo, nafasi yake inajazwa na wenye ahadi. Tulio mkoa wa Arusha na Kilimanjaro hatujasahau mwaka 2011, Samunge kule Loliondo, kikombe cha dawa ya mitishamba ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kilichosemwa kinaponya, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilometa. Wapo waliotolewa wodini wakapakiwa, wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Siwacheki waliokwenda, na mimi nilikuwa na ndugu kwenye foleni ile. Kinachoniuma ni kwamba wengine walibebwa wakiwa hoi bila kuulizwa kama wanataka kufia nyumbani kwao au porini kwenye vumbi. Siku hizi Loliondo imenyamaza, lakini mafuta ya upako yapo kila kona, na yupo atakayekuambia kwamba kumeza mofini ni upungufu wa imani. Hilo ni la kukemewa, na mwenye mdomo wa kulikemea likasikika ni mchungaji, si daktari.

Halafu wodi zetu zina watu wa kila dini. Kitanda hiki Mlutheri, kile Mkatoliki, pale dirishani Mwislamu kutoka Njoro, kule mwisho mzee wa Kimasai ambaye ubatizo wake ni wa juzi. Mchungaji wa hospitali akiwa mwenye akili anajua lini atoke yeye aingie mwingine. Mwislamu anahitaji mtu wa kumtamkisha shahada na ndugu wa kumsomea Yasini, na kitanda kigeuzwe aelekee kibla. Mkatoliki anahitaji padre na Mpako wa Wagonjwa, na hapa nao wana tatizo lao: familia huchelewesha kumwita padre kwa kuwa bado wanaona mpako ni tangazo la kifo, ingawa Kanisa lao limefundisha kwa miongo sasa kwamba sakramenti ile ni ya mtu anayeumwa sana, si ya anayekata roho tu. Padre anaitwa mgonjwa hasikii tena.

Si kwamba huku kwetu hakuna kinachofanyika. Hospitali ya Selian, kule Ngaramtoni, ina tiba shufaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na watu wake huwafuata wagonjwa majumbani wakisaidiwa na wanaojitolea kutoka sharikani. Hospitali ya KCMC, hapa Moshi, wachungaji wamekuwa wakifundishwa kazi hii palepale wodini. Katika mafunzo ya aina hiyo mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mgonjwa neno kwa neno, kisha wenzake wanamchambua bila huruma: hapa ulimkatiza, hapa ulikimbilia maombi kwa sababu wewe ndiye uliyeogopa. Ningependa wazee wa kanisa wote wapitie zoezi hilo walau mara moja. Badala yake, bado nasikia uchungaji wa hospitali ukitajwa kama mahali pa kumpumzisha mchungaji aliyechoka au aliyegombana na usharika. Kazi ya kukaa na anayekufa unampa aliyechoka?

Ningekuwa na sauti kwenye uongozi wa hospitali ningeomba jambo dogo. Kwenye fomu ya kulazwa kuna mstari wa dini, karani anaujaza bila kuinua kichwa. Chini yake uongezwe mwingine: ungependa nani aje akae nawe? Uulizwe siku ile majibu ya saratani yanapotoka, wakati mtu bado ana nguvu za kuongea, si siku ya mashine ya oksijeni. Na nyie wenzangu wa jumuiya, Jumamosi hii tukienda kumwona mama yetu aliyelazwa, waende wawili. Vitabu vya nyimbo vibaki. Akitaka wimbo atauomba, sauti anayo.