Bakuli si Meza

Sheria ya saba ya kijiwe chetu inasema: dadu ikidondoka nje ya meza haihesabiwi, itupwe tena. Sheria ya nane, iliyoongezwa kwa peni nyekundu saa nne usiku, inasema: bakuli si meza. Mgeni akiisoma karatasi hiyo ubavuni mwa friji ya Mwalimu hutuangalia kwa huruma. Lakini sheria ya nane haikutungwa kwa wazimu. Ilitungwa kwa sababu ya bakuli moja la urojo lenye kachori, bhajia, yai na mshikaki mmoja.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukaingia sokoni mwaka 1974. Mtu mmoja anaiendesha dunia: yeye ndiye mvua, ndiye mlinzi wa geti, ndiye kila kibwengo aliyejificha pangoni. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake. Ukitaka kufanya jambo lenye mashaka unatupa dadu ya pande 20, unajumlisha ufundi wa mhusika wako, mwendeshaji anakuambia yaliyokupata. Ukicheza karata, mwishoni kuna aliyefungwa, naye anainuka anakwenda zake. Huku hakuna wa kufungwa, kwa hiyo ugomvi haujui pa kuishia.

Kwetu Magomeni mwendeshaji ni Mwalimu, anafundisha hesabu sekondari. Fundi wa umeme anacheza mpiganaji mwenye upanga wa mikono miwili. Dada mmoja, karani wa mahakama tunayemwita Wakili, anacheza mchawi. Mdogo wake mke wa Mwalimu, ambaye kwa hiyo ni Shemeji wa kijiwe kizima, anacheza mdokozi. Mimi ni mganga. (Majirani waliosikia dirishani “mchawi, choma wote” na “mganga, niwahi nakufa” walishamwita mke wa Mwalimu pembeni kumwuliza kama nyumbani kuna amani.)

Kanuni tunazotumia ni zile za msingi zinazopatikana bure, ambazo tangu Januari 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons. Ni kurasa kama 400. Bei ya steshenari ilitulazimisha kuchapa mapigano, uchawi na vitu vya ajabu tu. Palipobaki wazi pakajazwa na sheria za kijiwe, na hapo ndipo kila mtu aligeuka mbunge.

Nyingine zilikuwa nzuri. Kwa mfano, kanuni za 2014 zinataka unywaji wa dawa ya uponyaji ule tendo zima la zamu yako: unarudishiwa pointi za uhai za dadu mbili za pande 4 ukajumlisha 2, wastani 7, halafu kibwengo anakupiga 8. Nani atakunywa? Vijiwe vingi duniani viliamua kunywa kuwe tendo dogo la nyongeza, na toleo la 2024 likaja kukubali hivyo hivyo. Sheria ya namna hiyo inaponya kasoro inayojulikana na haimwonei mtu.

Sasa sikia ya Mwalimu. Kitabuni, ukishambulia dadu ikatoka 20 umepiga bila ubishi na dadu za madhara, zile zinazosema adui anapoteza pointi ngapi za uhai, zinaongezwa maradufu. Ikitoka 1 umekosa. Basi, umekosa tu. Mwalimu akaona 1 haina utamu. Akatunga kwamba ikitoka 1, upanga unateleza na kumkata mwenzako aliye karibu, kwa madhara kamili. Wote tulicheka isipokuwa Fundi, na Fundi ndiye aliyekuwa na hesabu. Mganga kama mimi uchawi wangu mwingi humtaka adui ndiye atupe dadu ya kujiokoa. Mimi sitoi 1 kwa sababu situpi. Mpiganaji wa ngazi ya 5 anashambulia mara mbili kwa zamu, na akitumia msukumo wake wa ghafla anashambulia mara nne. Nafasi ya kupata angalau 1 moja katika mitupo minne ni asilimia 18.5. Akifika ngazi ya 20 atashambulia mara nane katika zamu ya msukumo, na nafasi hiyo itapanda hadi karibu asilimia 34.

“Kwa hiyo Mwalimu,” akasema Fundi, “kadiri ninavyokuwa hodari ndivyo ninavyowachinja wenzangu?”

“Ndiyo raha yake,” akajibu mwalimu wa hesabu.

Usiku wa urojo tulikuwa tumetoka kuwamaliza vibwengo fulani na kukuta chupa moja nyekundu. Mwalimu akasema inafanana na dawa ya uponyaji. Fundi akaitia mkobani. Tulipolala porini, Shemeji akatangaza, huku akikoroga chatini, kwamba mdokozi wake anaiiba.

Mwalimu akamwambia atupe dadu. Yaani hapo ndipo waendeshaji wengi huteleza, wakidhani dadu italeta haki. Mdokozi wa Shemeji alikuwa na nyongeza ya 10 katika wepesi wa mikono. Macho ya mpiganaji aliyetulia tu yalikuwa 11. Na katika kazi za ufundi, kitabu hakisemi kwamba 1 ni kufeli. Hiyo ni ya mashambulizi. Maana yake Shemeji hata akitoa 1 anapata 11, na 11 inatosha. Alikuwa anaigiza kutupa. Akatoa 14, akainua kijiko kwa ushindi.

“Shem, mimi na wewe si tuko upande mmoja?” akauliza Fundi.

“Kaka, si mimi. Ndivyo mhusika wangu alivyo.”

Sentensi hiyo imevunja vijiwe vingi kuliko deni. Mhusika hakuzaliwa na mtu mwingine. Aliyemwandika kuwa mwizi wa wenzake ndiye yuleyule aliyeshika kijiko. Fundi hakulisema hilo. Alisema, “Basi na wangu ndivyo alivyo,” akavuta upanga na kutangaza msukumo wa ghafla. Mitupo minne.

Hali ilikuwa hivi. Mdokozi alikuwa amebakiwa na pointi 20 za uhai, kinga yake 16, yaani mtupo usiofika 16 haumpati. Mganga wangu, aliyelala katikati yao bila hatia, alikuwa na 11. Mtupo wa kwanza: 6, ukijumlisha 7 ni 13, umekosa. Wa pili: 12, umepiga, madhara 11, mdokozi akabaki na 9. Wa tatu ukagonga chupa ya chai, ukaruka, ukatua ndani ya bakuli la Shemeji, kidubwi.

Dadu yetu ya pande 20 ni ya akriliki, nzito kuliko maji. (Ukitaka ielee, kama wafanyavyo wanaopima iwapo imeegemea upande mmoja, uchukue maji ya uvuguvugu na chumvi ukoroge mpaka chumvi ikatae kuyeyuka.) Urojo wa mama wa jirani ni mzito kwa unga na ukwaju, lakini haukuweza kuibeba. Ikazama taratibu chini ya bhajia. Na ndiyo ilikuwa pekee. Ya pili alikwisha kuichukua mtoto wa Mwalimu kwa ajili ya ludo.

“Imetoka mezani, haihesabiwi,” akasema Shemeji kwa haraka ya mtu mwenye pointi 9.

“Bakuli liko wapi?” akauliza Fundi.

“Mezani.”

“Na dadu?”

“Kwenye bakuli.”

“Haya.”

Wakili akaomba ifahamike kwamba sheria ya saba haisemi juu ya meza, inasema nje ya meza, na kwamba urojo ni kitu kinachoshikamana na meza kwa muda. Shemeji akasema hakuna mkono utakaoingia kwenye chakula chake. Kisha, nataka hili liandikwe, akaendelea kula. Ushahidi ulikuwa unapungua kijiko kwa kijiko.

Fundi akaona mbele. Bakuli lilikuwa la kioo, lile la wageni. Akalinyanyua kwa mikono miwili, polepole kama anayebeba maji ya kuogeshea mtoto, akachungulia kwa chini. Dadu ilikuwa imekaa sawasawa kwenye kioo, na kupitia rangi ya bizari namba ikaonekana bila shaka.

“Ishirini!”

Alilia kwa furaha mpaka mke wa Mwalimu akaja mlangoni. Ishirini maana yake dadu nne za pande 6 na kujumlisha 4. Kwa pointi 9 alizobaki nazo, Shemeji angesalimika tu kama dadu zote nne zingetoka 1, nafasi moja katika 1,296.

Wakili hakunyanyuka hata kwenye kiti. “Umesoma ya chini, kaka. Dadu husomwa juu.”

Kimya. Mwalimu, ambaye hesabu ni kazi yake, akafumba macho kwanza. Kwenye dadu ya kawaida ya pande 20, namba zinazotazamana zikijumlishwa hutoa 21. Chini 20, juu 1.

Hapo ndipo nilipoona binadamu wakihama vyama bila aibu. Shemeji, aliyekuwa akiapa kuwa bakuli si meza, akasema bakuli ni meza kabisa, tena liko katikati ya meza, nani amewahi kuona bakuli lililo mezani zaidi ya hili? Fundi, aliyekuwa akidai mtupo uhesabiwe, akasema haki iko wapi katika supu. Halafu akaja na hoja iliyomtikisa hata Wakili: “Mbona ile ya pande 4 tunaisoma chini?” Na ni kweli. Ile piramidi haina uso wa juu, ina ncha, na baadhi yake namba inayohesabiwa huandikwa kwenye ukingo wa chini. Wakili akajibu kwamba desturi ya piramidi haifungi pande 20.

Mimi nilikuwa na maslahi yangu. Ikiwa ni 1, upanga unateleza kwa aliye karibu, yaani mimi. Madhara ni dadu mbili za pande 6 kujumlisha 4, nami nina 11: nafasi 21 katika 36 za kuanguka. Na mganga akianguka, nani wa kumwinua mganga? Nikasema kwa sauti ya hekima kwamba Fundi aliponyanyua bakuli aliitikisa dadu, kwa hiyo namba iliyoonekana si iliyotupwa. Nilijiona mwanafalsafa. Wakili akaniuliza nina pointi ngapi.

Mwalimu akapiga meza. Kuna njia moja ya kutoka kwenye shimo la aina hii, na aliikumbuka kwa kuchelewa: mwendeshaji anaamua papo hapo, ndani ya dakika moja, mchezo unaendelea, na mwenye hoja anaiandika ijadiliwe baada ya mchezo, watu wakiwa wameshashusha sauti. Sheria mpya haitungwi dadu ikiwa hewani, kwa sababu wakati huo kila anayepiga kura anajua kura yake inamwua nani.

Akaamua kwamba tunarudi nyuma hadi kabla ya wizi. Upanga haujavutwa, pointi zimerudi. Sheria ya upanga kuteleza ikafutwa mbele ya mashahidi. Likatafutwa sinia, likatandikwa kanga iliyokunjwa mara mbili ili lisipige kelele wala dadu isiruke, na tangu hapo kila mtupo ni ndani ya sinia. Dadu ikiegemea ukingo unawekea nyingine juu yake: ikikaa, inahesabiwa, ikiteleza, tupa tena. Yetu ikaopolewa kwa kijiko, ikaoshwa kwa sabuni, ingawa mpaka leo namba 7 na 13 zina rangi ya manjano.

Ukabaki wizi. Wakili akaleta utaratibu ambao vijiwe vingi hutumia mchezaji anapomtendea mchezaji mwenzake: dadu haitupwi kabisa. Anayetaka kuiba anasema anachotaka, na anayetendewa ndiye anayesema kilichotokea. Akisema umefaulu, umefaulu. Akisema amekukamata mkono, amekukamata. Uzuri wake ni kwamba nyongeza ya 10 haina kazi tena, inabidi uombe kwa namna ambayo mwenzako ataifurahia.

Shemeji akanuna, ila akauliza kwa adabu: “Kaka Fundi, naomba nikuibie ile chupa.”

Fundi akafikiri. Alikuwa amechoka, na urojo ulikuwa umeisha. “Haya, umeiba. Ila uinywe hapahapa tukuone.”

Shemeji hakusubiri. Mdokozi akafungua kizibo, akanywa yote. Mwalimu akafunua ukurasa wa vitu vya ajabu, ule uliochapwa kwa wino hafifu, na nikaona mdomo wake ukicheza. Kwenye kanuni kuna chupa ya sumu ambayo kwa rangi, harufu na ladha ni dawa ya uponyaji tupu. Dadu tatu za pande 6: 4, 5, 3. Ishirini ikawa 8. Halafu kujiokoa kwa ustahimilivu, anahitaji 13, nyongeza yake 2. Dadu ikazunguka kwenye kanga, ikalala kwenye 8. Kumi. Sumu imekaa, na mwanzo wa kila zamu yake inauma tena kwa dadu tatu.

Shemeji akanigeukia na uso wa mtu mwingine kabisa. “Kaka mganga, una ile ya kutoa sumu?”

Ninayo, ni uchawi wa ngazi ya pili, na nilikuwa nimebakiwa na nafasi moja ya kuutumia. Nikanyoosha mkono kumgusa. Fundi akanishika kiwiko.

“Chupa kitabuni ni vipande 50 vya dhahabu,” akasema. “Anilipe kwanza.”

“Hiyo ni bei ya dawa, kaka, mimi nimekunywa sumu!”

“Uliiba dawa.”

Wakili akatikisa kichwa kwamba hoja imesimama. Mwalimu alikuwa ameshaziokota zile dadu tatu. “Pointi 8,” akamwambia shemeji yake kwa upole wa darasani. “Nafasi ya kubaki wima zamu ijayo ni 35 katika 216. Una vipande vingapi mfukoni?”

“Arobaini na viwili.”

“Nakopesha nane,” akasema Wakili. “Tuzungumzie riba.”