Nusu Wembe kwa Bei ya Amerika

Nilipoishi Mombasa sikuwahi kujinyoa ndevu. Mwanamume pekee niliyemwona akijinyoa nyumbani alikuwa marehemu babu, na yule alikuwa mtu wa zamani. Wengine wote, kwa nini tujisumbue, na Majengo kila kichochoro kina kinyozi? Unakaa kitini, unafungwa shuka shingoni, unasikiliza watu wakibishana habari za Arsenal na siasa za kaunti, kisha unainuka uso safi kwa pesa isiyofika bei ya kilo ya sukari. Shida ni mkesha wa Idi tu, foleni inapomwagika hadi barabarani na kinyozi anafunga saa nane za usiku.

Huku Minneapolis vinyozi wapo, na wengine ni mafundi kwelikweli. Ukiingia Karmel Mall utawakuta wa Kisomali, utasikia na Kiswahili kidogo. Lakini nywele na ndevu, ukiongeza bakshishi, unakaribia dola 40. Hizo ni zaidi ya shilingi elfu tano za Kenya, na hakuna mtu wa kipato changu anayezitoa kila Alhamisi ili aende Ijumaa akiwa nadhifu. Basi mhamiaji hujifunza kujinyoa. Unasimama bafuni peke yako saa kumi na moja alfajiri, nje baridi ni nyuzi 20 chini ya sifuri, hita imekukausha ngozi mpaka inavuta, na hakuna wa kubishana naye habari za Arsenal.

Ningefuga ndevu kama wenzangu wengi, ila kazi hairuhusu. Ninahudumia wazee, na kila mwaka tunapimwa barakoa ya N95. Unafunikwa kichwa kwa kitu mfano wa mfuko wenye dirisha, unapuliziwa dawa chungu, na ukiisikia ladha yake ulimini, barakoa haikukukaa. Sheria za usalama kazini za Marekani ziko wazi hapo: ukingo wa barakoa unapogusana na uso pasiwe na ndevu. Kwa Mzungu mwenye ndevu zilizonyooka, hilo ni jambo la dakika tano. Kwa sisi wenye ndevu za kujikunja, ni adhabu.

Vipele vya ndevu kila mwanaume wa kwetu anavijua. Unywele uliojikunja ukikatwa hubaki na ncha kali, na ukianza kuota tena hugeuka ukaichoma ngozi iliyo pembeni yake, au ukakwama ndani kwa ndani kabla ya kutoka. Mwili nao huuchukulia kama mwiba. Shingo inavimba, inawasha, ukinyoa tena juu ya vile vipele unavikata, na baada ya miezi unabaki na madoa meusi. Marekani jambo hili limefika hadi mahakamani: mwaka 1993 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba marufuku ya ndevu katika tawi la Domino's huko Nebraska iliwaumiza wanaume Weusi kuliko wengine, kwa sababu ya vipele hivi hivi. Jeshini pia wanaume Weusi wamekuwa wakitembea na vyeti vya daktari vya kuwaruhusu wasinyoe. Watu wamepoteza kazi kwa ajili ya shingo zao, jamani.

Sasa ona tunauziwa nini. Dukani huku rafu nzima ni mashine za plastiki zenye nyembe nyingi kichwani. Gillette walileta ya nyembe mbili mwaka 1971, ya nyembe tatu 1998, na kufikia 2006 wamefika tano. Ubunifu wenyewe ni kwamba wembe wa kwanza unauvuta unywele juu na unaofuata unaukata chini zaidi, kisha unywele unarudi ndani ya ngozi. Shavu linateleza kama chupa siku hiyo, na tangazo halijadanganya. Ila kwa unywele wa kujikunja, kuukata chini ya ngozi ndiko kuupa njia ya kuotea ndani. Yaani kinachosifiwa kwa wengine ndicho chanzo cha taabu yetu, na kichwa kimoja cha kubadilisha kinauzwa dola nne au tano.

Mfanyakazi mwenzangu kutoka Liberia ndiye aliyenitoa huko. Shingo yake ilikuwa laini, nikamuuliza anatumia nini. Akanionyesha kwenye simu kitu kinachoitwa Twig: mpini wa chuma na kichwa kidogo chembamba chenye makali upande mmoja tu. Kampuni nyingine zinazo za aina hiyo. Supply wanatumia nyembe za kusukumiwa ndani, OneBlade wanatumia wembe wao maalumu wa Kijapani kutoka Feather, na wao bei zao ukizisikia utadhani unanunua saa ya mkononi. Twig ilinivutia kwa sababu ya kinachoingia ndani yake. Ni wembe wa kawaida, ule wa makali mawili unaouzwa duniani kote, umevunjwa katikati kwa urefu. Nusu wembe.

Nilicheka. Mwanamume yeyote aliyenyolewa Mombasa, Tanga au Kisumu amewahi kuona kinyozi akichukua wembe mpya ukiwa bado ndani ya karatasi yake, akaukunja, ukalia tak, nusu moja ikaingia kwenye mshikio wake na ya pili ikangoja kwenye karatasi. Enzi ambazo kila ukuta wa zahanati ulikuwa na bango la UKIMWI, ule mlio ulikuwa ndio hati ya usalama. Mteja asipousikia mlio haketi. Sasa jambo hilohilo nimelikuta Marekani limetiwa kwenye kisanduku kizuri na maelekezo yenye picha: vunja wembe ukiwa ndani ya karatasi yake, shika ncha zake. Maelekezo hayo nilipewa bure kwa macho nikiwa na umri wa miaka tisa.

Sisemi hivyo kwa dharau, kwa sababu chombo chenyewe kimetengenezwa kwa akili. Wembe wa kinyozi hauna kizuizi, mkono wake ndio kizuizi, na ule mkono umesomea miaka. Hiki kina ukingo mbele ya makali unaoitandaza ngozi, kwa hiyo hata mimi nisiye fundi siwezi kujichana sana. Kichwa chake ni chembamba, kinapita chini ya pua na kwenye kona ya taya ambako zile za nyembe tano hukwama. Na wembe umebanwa karibu kabisa na makali, hautetemeki. Ukinyoa unausikia unywele unavyokatika, sauti kavu ndogo, na utajua kwa sikio kama umeshika pembe sahihi.

Kazi kubwa ni kuisahaulisha mikono tabia ya plastiki. Ile ya plastiki unaikandamiza, na kadiri unavyokandamiza ndivyo inavyokula. Hii ukiikandamiza itakutoa damu, na utastahili. Unaiacha ijishukie kwa uzito wake, mpini ukiwa umeinama kadiri ya nyuzi 30 kutoka usoni. Kabla ya hapo maji ya moto, kitambaa kibichi usoni dakika mbili tatu, kisha sabuni kwa brashi mpaka ifanye povu zito. Hapo hakuna njia ya mkato, hasa kwa ndevu zetu ngumu. Na unyoe kwa kufuata ndevu zinakolala. Zangu upande wa kushoto wa shingo zinalala kuelekea sikioni, za kulia zinateremka, na zile za chini ya kidevu hazina msimamo. Mtu akitaka kujua zake azipapase siku ya pili bila kunyoa, mkono utamwambia. Kurudi kinyume, kwa mwenye vipele, ndiyo marufuku kubwa. Utabaki na kivuli kidogo, na ubaki nacho.

Shingo yangu haijawa ya mtoto mchanga. Madoa ya zamani yapo, na wiki nikiwa na haraka kipele kimoja viwili vinarudi. Lakini ule mwako wa asubuhi baada ya kunyoa, ambao ulinifanya nichukie siku ya kazi kabla haijaanza, umeondoka. Kwa hesabu ya mfukoni pia naona tofauti: pakiti ya nyembe 100 ni dola kumi na kitu, zikivunjwa ni nusu 200, na nusu moja inanyoa mara kadhaa. Mpini ndio ghali, na ghali yake unailipa mara moja.

Pale kazini kuna mzee mmoja wa miaka tisini na kitu ninayemnyoa. Tunatumia zile za plastiki za kutupa, ndizo tunazopewa, naye hulalamika kila mara kwamba zinamkwangua. Nilipomweleza habari za hii yangu aliniangalia kama mtu anayesimuliwa na mtoto kwamba ameona bahari. Ujana wake wote alinyoa kwa Schick ya wembe mmoja, ile unayosukumia wembe mpya kichwani kwa kisanduku chake na wa zamani unatoka upande wa pili. Mashine za kwanza za Schick ziliuzwa tangu miaka ya 1920. Na kabla ya hizo, ndugu wa Kampfe wa New York walisajili mashine yao ya makali upande mmoja mwaka 1880, miaka zaidi ya ishirini kabla ya hati ya Gillette ya 1904. Gillette naye alitajirika zaidi pale serikali ya Marekani ilipoagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya wanajeshi wake mwaka 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vya gesi ya sumu, wakati vinyago vya kuizuia navyo vilitaka mashavu yasiyo na ndevu. Kumbe mimi na barakoa yangu tumo katika foleni ndefu.

Basi hicho kinachoitwa cha kisasa ni cha babu zao, na cha vinyozi wetu. Wao walikiacha wakafuata plastiki kwa sababu plastiki ilitangazwa, na sasa wenye nacho wanalipa kukirudia. Hilo lisingenihusu kama sisi tusingekuwa tunakwenda upande wa plastiki, mbio. Mtoto wa ami yangu kule Tudor huniandikia kila akisikia nina safari: kaka, usisahau zile Fusion. Mombasa hivyo vichwa vya nyembe tano vinauzwa supamaketi vimefungiwa kwenye kabati la kioo pamoja na manukato, na kuwa navyo bafuni ni dalili kwamba mambo yako si mabaya. Ana vipele shingo nzima. Anaamini vinatokana na maji ya chumvi ya kisima.

Nimembishia sana. Nikimwambia arudi kwa kinyozi na nusu wembe, anasikia kwamba ninayeishi Amerika ninamtaka yeye abaki nyuma. Hapo ndipo maneno ya mtu wa ughaibuni yanapokosa nguvu, na sina dawa yake. Mtu aliyeondoka hawezi kumsifia aliyebaki kile alichonacho bila kuonekana anamfungia mlango. Mwisho nilitumia ujanja: nilimtumia picha ya Twig pamoja na bei yake. Sasa anaitaka.

Na sitaki kuipamba Mombasa kupita kiasi. Yule kinyozi wa utotoni alikuwa akiutupa wembe uliotumika kwenye kopo lililojaa, na lililojaa lilikwenda jalalani tulikokuwa tukicheza pekupeku. Nyumbani kwetu wembe mkuukuu ulitumbukizwa chooni, kwenye shimo, mambo kwisha. Nikadhani Wazungu wana utaratibu bora. Sasa nyumba tunayopanga ni ya zamani, na ndani ya kabati la dawa la bafuni, kwenye ukuta wa nyuma, kuna mwanya mwembamba. Mwenye nyumba alinieleza ni wa kutupia nyembe. Nikamuuliza zinakwenda wapi. Haziendi popote, zinaangukia ndani ya ukuta, katikati ya mbao, na ziko humo tangu alipoishi wa kwanza. Nyumba nyingi za enzi ile zilijengwa hivyo nchi nzima, na fundi akibomoa ukuta leo anakutana na rundo la kutu. Mimi zangu naweka kwenye kopo la kahawa nililolitoboa kifuniko.

Kwa mwenye kusafiri: uwanja wa ndege wa Marekani watakuruhusu kupita na mpini kwenye mkoba wa mkononi, ila bila wembe. Usibishane nao, uutoe kabla hujatoka nyumbani. Kwa kwenda kwetu si tatizo hata kidogo, maana ukishuka Mombasa duka la kwanza la mtaani litakuuzia wembe wa Nacet kwa sarafu, na nusu yake inakaa kwenye Twig sawasawa. Wakati wa kurudi nanunua pakiti za kutosha, nazitia kwenye sanduku kubwa linaloingia tumboni mwa ndege, pamoja na achari ya embe na ile sabuni ya mwani ambayo mke wangu anasema haina mfano huku.