Kieran Modra hakubebwa na mtu

Kuna makala inayomweleza Kieran Modra wa Australia, mwanamichezo wa Paralimpiki (michezo ya watu wenye ulemavu) asiyeona vizuri, kana kwamba alibebwa tu na wenzake waliokaa mbele yake kwenye baiskeli ya watu wawili. Hapana. Baiskeli hiyo ina mnyororo wa pili, kushoto, unaounganisha pedeli za mbele na za nyuma. Miguu minne inazunguka kwa kasi moja. Akilegea mmoja, mwenzake anausikia uzito palepale. Mnyororo huo hukaguliwa kabla ya mbio: zungusha pedeli polepole hadi pale unapokaza zaidi, bonyeza katikati kwa kidole. Ukicheza kama sentimita 1, sawa. Ukilegea mno utaruka meno wakati wa kuondoka, wote wawili wanapokanyaga kwa nguvu. Ukikaza mno unakula beringi. Hivyo ndivyo dhahabu zake 5 za Paralimpiki zilivyopatikana, Atlanta 1996 hadi London 2012.

Bwawani je? Barcelona 1992 alipata shaba 2 za kuogelea chali. Ukuta uko mita 5 baada ya bendera zinazotundikwa juu ya bwawa, na muogeleaji huhesabu mapigo ya mikono tangu hapo. Akipitiliza pigo moja, kichwa kinagonga ukuta. Nani alimbebea hesabu hiyo?