Jogoo wa Mama Mkwe na Kaunta Nyeusi

Fundi alitwambia mapema: kaunta nyeusi ya jikoni ya akriliki, ile plastiki ngumu kama jiwe, haing'arishwi hadi mwisho. Iacheni ififie kidogo, maana kwenye weusi unaong'aa hata mkwaruzo wa sahani unaonekana. Mke wangu akamjibu, "Fundi, mimi nikiinama nataka nijione hadi hereni." Ikaisha hapo. Bunge la nyumbani kwetu Nkuhungu, Dodoma, tofauti na lile kubwa la mjini, hoja ikiletwa imepita.

Kazi ilianza kwa kunitia presha. Fundi alichukua penseli akachorachora kaunta nzima, mistari ovyo ovyo, huku mimi nimeshika kichwa. "Tulia bosi. Penseli ikifutika yote, ujue msasa umepita kila mahali." Akaanza na msasa namba 180, akapanda 240, 320, 400, 600; namba ikipanda, msasa unazidi kuwa laini. Kila akibadilisha, anapangusa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu punje moja ya msasa mkali ikibaki inachora viduara ambavyo msasa laini hauviwezi. Na Dodoma mwezi wa Agosti punje hazitoki kwenye msasa tu, upepo unakuletea shamba la jirani hadi jikoni. Tukaziba madirisha kwa mashuka. Tulitoka humo kope zote za kijivu. Umeme nao ukakatika katikati ya 600, fundi akageuza ndoo, akakaa, akamaliza zabibu zetu.

Uliporudi akafunga sponji kwenye mashine, akapaka dawa ya kung'arishia na kuiendesha polepole, maana akriliki ikipata moto inaharibika uso. Akamulika tochi kwa ubavu. Safi! Nami niseme kweli, iling'aa. Mke wangu alishinda pale siku nzima na hakupika kitu.

Jumamosi mama mkwe akaingia kutoka Kongwa na zawadi: jogoo mwekundu, amefungwa miguu. Mkwe ni mkwe, na jogoo wake ni mgeni pia. Akasema kamba imembana sana, akamfungua mwenyewe pale jikoni, tukaenda sebuleni kuulizana habari za mtama.

Tukasikia vishindo. Kukimbilia jikoni, jogoo yuko juu ya kaunta. Mbele yake, kwenye kipande cha akriliki kilichopanda ukutani, kuna jogoo mwingine mwekundu, kifua mbele. Na chini ya miguu yake yupo wa tatu. Akamrukia wa ukutani kwa kucha, akateleza, akamwangukia wa chini. Wa chini naye hakukubali. Manyoya yanaruka, mke wangu anapiga mayowe, kijana wetu anarekodi kwa simu. Mimi nazunguka na ufagio sijui pa kuupeleka. Jogoo wa mkwe utampigaje, mkwe mwenyewe anakutazama?

Mama mkwe kasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mwacheni! Si mnaona anakaribia kushinda?"

Hakushinda. Hakushindwa pia, maana kila alipochoka, wenzake nao walichoka. Mwishowe akashuka kwa hiari yake, akawika, na pale juu akawa ametuachia mzigo ambao nilipewa mimi kuusafisha. Nilipomulika tochi kwa ubavu, niliona mikwaruzo myeupe kuanzia kwenye sinki hadi pembeni. Ungeweza kuhesabu kucha.

Fundi akarudi. Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikimcheza. "Bosi, misasa yote naijua. Huu ni namba ngapi?"

Uzuri wa akriliki ni kwamba rangi imeenda hadi chini, milimita 12 zote ni zilezile. Ingekuwa ubao uliobandikwa karatasi ya plastiki juu, tungeng'oa. Hii alirudia tu msasa, penseli tena, ila safari hii aliishia 320 na kumalizia kwa kitambaa kigumu cha kusugulia, ikabaki nyeusi tulivu isiyorudisha sura ya mtu. Akamgeukia mke wangu kuuliza kama aendelee. Mke wangu alikuwa anakuna nazi, hakusikia.

Jogoo hakuchinjwa. Mama mkwe alikataza kwa simu, akasema wapiganaji hawaliwi.

Alipokuja tena akapitisha kiganja juu ya kaunta, akaguna. "Mmeifubaza ya nini? Ile ya kwanza hata kuku alijiona mtu."